Presha Imeshuka

Nyumbani kwetu Al-Khoudh neno hili halina adabu,
huingia kila chumba bila hodi.

Ijumaa baada ya swala, Zahran kapiga simu toka Marmul,
sauti imejaa vumbi:
"Presha imeshuka."
Kakusudia kisima namba kumi na saba:
mafuta yamegoma kupanda,
wakubwa wa kampuni wamekunja nyuso.
Mama ndiye aliyepokea.
"Alhamdulillahi, mwanangu! Na yangu pia.
Mia na thalathini kwa themanini. Nesi kanisifu mbele za watu."
Upande wa pili ukasikika upepo tu,
kisha kaka yangu akasema, "Hongera, Mama,"
na kisima chake akakirudisha moyoni.

Mimi ndiye niliyesomea kutafsiri.
Nalipwa kwa ukurasa kuyapanga maneno kwenye visanduku,
hili la daktari, hili la mhandisi.
Nikatamani kusema: Mama, hiyo siyo hiyo.
Lakini jikoni sufuria ya mbuzi ilikuwa inapiga mluzi,
Sulaima anapiga ukelele, "Punguza moto, presha imezidi!"
na mumewe uani kaliinamia gurudumu,
anatafuta thalathini na mbili, isizidi hata moja,
maana lami ya Juni hupasua tairi kama puto la Idi.

Nikala wali. Nikanyamaza.

Usiku redio ikatangaza tufani kusini ya Masira:
presha katikati yake inashuka tangu adhuhuri.
Mara hii hata Mama hakushukuru.
Tukakunja mazulia, tukajaza ndoo,
magari tukayapandisha juu, mbali na wadi;
wadi yetu hulala miaka,
lakini ikiamka haiulizi njia.

Umeme ukakatika saa tisa.
Kwa mwanga wa simu nikamfunga Mama kile kitambaa mkononi,
nikaminya mpira, nikaachia,
nikasubiri mshale utulie.
Tisini kwa hamsini.
Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kuosha samaki.

"Imeshuka," nikamwambia.

Akafumbua jicho moja.
"Ya nani?"

Nami, na visanduku vyangu vyote,
nikabaki nimeshika mpira,
nje maji yanapita yakiburuta mlango wa mtu.