Safu ya Kumi na Tatu

Nimeajiriwa siku tatu kuhesabu magari.
Kiti cha plastiki, mwavuli wa kampuni ya rangi,
daftari lenye safu kumi na mbili,
biro mbili, moja haiandiki,
na fulana inayonipwaya, mgongoni maneno matatu ya sera mpya:
SALAMA. SAFI. HARAKA.
Changamwe, penye mzunguko, alfajiri,
malori yatoka bandarini
yamebeba makontena na usingizi wa madereva.

"Andika unachokiona," aliniambia Bwana Mwachiro wa wizara,
"sera yataka takwimu, haitaki hadithi."
Nikaandika.
Lori la ekseli tatu. Lori la ekseli sita.
Tangi la mafuta. Tuktuk. Bodaboda.
Vijiti vinne, cha tano nakilaza juu yao
kama afungaye mtita wa kuni.

Kufika saa mbili safu ya malori imejaa, nahamia pambizoni.
Moshi washuka juu ya karatasi,
naufuta kwa kiganja, hesabu yageuka masizi.
Moshi hauna safu.
Nimetafuta mbele ya ukurasa, nimetafuta nyuma.

Ng'ambo ya pili Bi Mejumaa auza mahamri na mbaazi.
Ameyafunika kwa nailoni,
na kabla ya kutaja bei hukohoa mara tatu.
Hilo nalo nimelihesabu.
Sikupewa pa kuliandika.

Saa nne ukapita mkokoteni, magunia ya vitunguu hadi juu,
Chengo mbele, mgongo upinde,
nduguye nyuma, yeye ndiye breki.
Nikapiga simu: hiki ni chombo, au ni watu?
"Ruka," akasema Mwachiro. "Hauna injini."
"Una mapafu," nikasema,
lakini salio lilikuwa limekwisha.

Saa sita na nusu shule ikafungua lango.
Sare za kijani, mkono kwa mkono,
mguu mmoja vumbini, mmoja kwenye lami.
Msichana wa mbele ayasoma malori kama asomavyo juzuu,
herufi kwa herufi, asiruke irabu.
Likaja moja, likaja jingine, hakuna aliyekanyaga breki.

Sijui nani aliniinua kitini.
Najua nilikuwa katikati ya barabara, daftari juu,
na breki za ekseli sita zikalia hadi Magongo,
na dereva akanitajia mama yangu.

Wakavuka arubaini na mmoja.

Kwa hiyo katika takwimu za serikali mna pengo la dakika nne
ambamo hapakupita gari lolote Changamwe.
Pengo hilo ni langu.

Usiku nikachora safu ya kumi na tatu,
kitambulisho changu ndicho rula,
juu nikaandika: WALIOVUKA.

Siku ya pili wakavuka arubaini.
Nikahesabu upya. Arubaini.
Nikaacha kiti, nikaacha mwavuli, nikamkimbilia yule msichana:
yuko wapi mmoja?
"Zuhra ana homa, mwalimu."
Akaniita mwalimu.
Sijapata kuifurahia homa ya mtu namna ile.

Siku ya tatu arubaini na mmoja,
Zuhra akiwa wa mwisho, na sweta, kwenye jua lile.

Jioni Mwachiro akaja na gari lake, dirisha limefungwa,
akalishusha kiasi cha kupitisha daftari.
"Hii nini?"
Waliovuka.
"Kompyuta ina safu kumi na mbili, Riziki."
Si mwapanua barabara? nikamwambia.
Panueni na ukurasa.

Hakujibu. Alifungua kurasa moja moja,
kidole kikichafuka,
akafika pale penye arubaini, kando yake nimeandika *homa*,
akapasoma, akapasoma tena.
Lori likapita.
Alitaka kusema kitu, dirisha li wazi,
akakohoa mara tatu.