Sababu ya Kumiliki

Fomu ya polisi ina visanduku vinne:
kuwinda, kulenga shabaha, kukusanya,
na cha mwisho, kimejibanza ukingoni
kama kwamba aliyekichora aliona haya:
kumbukumbu.
Tia alama panapohusika. Eleza kwa ufupi.
Nafasi yenyewe mstari mmoja,
urefu wa kidole changu cha kati.

Nje, gari langu linaunguruma peke yake.
Nimeliacha hivyo lisigande;
leo Kuhmo ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Bunduki nimeingia nayo imefungwa blanketi la sufu
kama mtoto mwenye homa,
na watu wawili mlangoni wamenipisha.

Babu Eemeli aliinunua kwa ndama wawili na deni,
mwaka ule barafu ilipoondoka na daraja.
Bibi Hilja hakuipenda. Aliiita Mpangaji.
"Mpangaji gani huyu halipi kodi,
kutwa kasimama kando ya jiko langu,
anakunywa mafuta, anachafua vitambaa!"
Lakini majani yakishapukutika,
kulungu mrefu kuliko farasi akining'inia ghalani,
Bibi alinyamaza. Alikata, akatia chumvi, akagawa:
paja kwa mjane Saimi, ulimi kwa pasta,
na mafupa kwa yule jirani wa ng'ambo ya ziwa
ambaye hawakusalimiana miaka kumi na moja.
Mafupa, ndiyo. Lakini mafupa yenye nyama.

Baba hakunifundisha kusali.
Jumapili, akitoka sauna, shingo nyekundu,
alitandaza gazeti la juzi mezani,
akaifungua bunduki kipande kwa kipande,
nami kazi yangu kushika taa.
"Chungulia, Aune. Unaona nini?"
Ndani ya mtutu mwanga ulikuwa umejisokota,
duara ndani ya duara ndani ya duara,
na mwisho kabisa, mbali, kitu cheupe.
"Naona mwezi."
"Basi ni safi. Kalale."

Bi Korpela wa dirisha la pili anachungulia sasa
kwa kurunzi ndogo kama ya daktari wa masikio.
Anachukua muda.
"Kutu," anasema. "Kutu tupu. Mwenyewe alikuwa mzembe."

Mzembe.
Mtu aliyenyoosha misumari iliyopinda
akaipanga kwenye makopo kwa urefu wake.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakusema kitu kuhusu chuma
kilichorudishwa ukutani kikiwa na moshi tumboni.

Ilikuwa Novemba, theluji bado haijaamua.
Rekku alikuwa na miaka kumi na minne,
macho maziwa matupu, miguu ya nyuma imekwisha kumkana.
Baba alimbeba kifuani, bunduki mgongoni,
akapita nyuma ya ghala, akapita rundo la kuni.
Mimi nilikuwa namenya viazi.
Nilihesabu: moja.
Nikangoja.
Nikamenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula.

Alirudi, akakung'uta viatu.
Jumapili ilifika, na gazeti halikutandazwa.
Wala ile iliyofuata.
Miaka tisa alipita mbele ya ule mtutu kwenda kulala
na hakuugusa,
na mimi sikuleta taa.

"Andika tu chochote," Bi Korpela ananihimiza,
foleni imeanza kukohoa.
Naandika: mbwa.
Anasoma. Ananitazama juu ya miwani.
Nangoja aniambie hilo silo jibu.
Anapiga muhuri.

"Kwa sharti isipigwe tena," anasema,
halafu, kwa sauti ya mtu mwenye jikoni kwake,
"Kuna fundi Kajaani. Angeweza kuisafisha."

Hapana, nasema.
Asante, lakini hapana.

Garini mna joto kupita kiasi.
Petroli imeliwa robo nzima.
Naifunga mkanda kwenye kiti cha mbele.