Udahili

Simu inalia kabla sijavua koti.
"Chuo cha Tolliver, udahili, Lavonia hapa."
Sauti ya mwanamume, ya heshima, yenye kikohozi:
eti hicho chuo, kweli kipo?
Kipo, bwana. Nimekikalia.
Kiti chake kina mguu mmoja mfupi.

Na shahada yenu, inatambulika?
Namtajia ithibati, mwaka, majina ya wakaguzi,
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya mwenye duka
aliyekwisha kuamua kwamba ameibiwa.
Simwambii kuwa daktari aliyemfungua mama yangu kifua
akakifunga tena, na mama akaamka akidai kahawa,
alimpasua chura wake wa kwanza hapa chini,
mlango wa tatu, chini ya dari linalovuja.

Linavuja. Sitaficha.
Mvua ya Alabama haipigi hodi.
Tunakinga ndoo mbili na sufuria ya Bi Erlene wa jikoni,
na profesa hufundisha akikwepa matone
kama anayecheza rede.
Wanaocheka dari letu
hawaulizi nani aliyegawa fedha za mabati,
huku akapima kwa kijiko, kule kwa pishi.

Jumanne mama mmoja alininong'oneza,
kama anayeuliza bei ya jeneza:
"Mnapokea Wazungu?"
Mama, nikasema, hatujamfungia mtu mlango.
Sisi ndio tuliofungiwa.
Nikamweleza habari za Cody Ratliff,
mtoto wa mchimba makaa, nywele kama ndevu za muhindi,
mwaka wa tatu, uuguzi;
kwenye bendi amepewa ngoma kubwa
kwa sababu ana mgongo, si kwa sababu ana mdundo.

Bendi, ndiyo, tunayo.
Na watu wakiona matarumbeta huona matarumbeta tu,
kana kwamba Jumamosi haina Jumatatu,
kana kwamba yule binti anayerusha magoti hadi kidevuni
hakukokotoa hesabu zake ndani ya basi usiku,
tochi ameing'ata kwa meno.

Wengine hudhani ukimwona mmoja umeliona darasa.
Waje bwenini asubuhi!
Wa Chicago, wa shamba la karanga huko Georgia,
na yule binti wa mchungaji wa Haiti
hawajaafikiana mpaka leo
kama uji wa mahindi hutiwa sukari au chumvi.

Halafu lipo swali linalokuja limevaa tai:
"Milango yote iko wazi siku hizi. Nyinyi mpo kwa ajili gani?"
Hilo hunikuta nimechoka.
Kwenye ukuta wa maktaba kuna tofali lenye alama ya kidole gumba.
Waliyafyatua wanafunzi wenyewe, asubuhi kitabu, jioni udongo.
Nikipita hapo huweka changu.
Kinaingia.

Hayo ya wageni nimeyazoea.
Moja tu halikuja kwa simu.
Lilikaa mezani kwangu, likala kuku wangu,
likafuta mdomo, likasema:
"Mama, mimi nataka chuo cha kweli."
Jarell wangu, niliyempandisha ngazi hizi hizi
akiwa bado tumboni.
Cha kweli.
Niliosha sahani ile mara mbili,
kisha nikamlipia ada ya huko.

Leo saa kumi na robo simu inalia.
"Chuo cha Tolliver, udahili, Lavonia hapa."
Kimya. Korido ndefu, viatu vingi.
"Mama."
Anasema likitajwa neno utumwa darasani
vichwa vyote humgeukia, kama alizeti.
Yeye anasomea uhandisi wa maji.
Hajui wanangoja aseme nini.
Halafu, polepole: "Dari bado linavuja?"
Linavuja.
"Na fomu za kuhamia... mwisho lini?"

Navuta kalamu.
Sauti ya kazini ndiyo inayoniokoa:
"Jina lako kamili, tafadhali."
Naye, anayejua kwamba najua,
ananitajia herufi moja moja.