Dizeli ya Kiganjani

Kifuniko chake hutoka kwa kucha mbili,
taratibu, kama unavyomvua kofia mtoto aliyelala.
Ndani, chuma kimejaa toka kona hadi kona:
mota, ekseli, giya za shaba,
na nafasi iliyobaki haimtoshi sisimizi kugeuka.
Humo ndimo ninamotaka kuweka sauti.

Aikaruwa, mtoto wa dada, ameshika kibanio.
Ana miaka kumi na minne
na macho ambayo mafundi wote wa Kiusa wangependa kuyaazima.
"Mwekundu reli ya kulia, mweusi ya kushoto,
chungwa na kijivu kwenye mota.
Na hizi mbili za kahawia, mjomba?"
Hizo ndizo koo.

Dekoda haizidi ukucha wa kidole cha mwisho.
Spika nimeitoa kwenye simu iliyozama ndoo ya maji Pasua;
mwenyewe hakurudi kuichukua.
Nikashika tupa, nikala chuma cha nyuma,
nikachimba tangi la mafuta mpaka likawa ganda.
Siku tatu unga wa chuma ulikuwa kwenye meza, kwenye shuka,
na Ndekusara, mke wangu, akichungulia chai kabla ya kunywa.

Jumanne usiku ikanguruma.
Ilikuja na sauti za kiwandani:
kengele ya mji nisioujua,
honi nyembamba ya watu wanaoishi na theluji barabarani.
Tukaielekeza kwenye mlima wa Kahe kuja Moshi,
yaani mlango wa zamani ulioinuliwa kwa vitabu vinne vya hesabu,
na hapo magurudumu yakateleza.
Inanguruma, imesimama.
Inanguruma zaidi, imesimama.
"Debe tupu," alisema Ndekusara,
akarudi kwenye mchele wake.

Alisema kweli. Nilikuwa nimeuza uzito nikanunua mdomo.

Gereji ya Shirima husawazisha matairi.
Nikaokota vipande vya risasi kwenye vumbi lao,
nikavigonga hadi vikawa bapa kama mbegu za boga,
nikavibandika juu ya ekseli kimoja kimoja,
huku Aikaruwa amezuia pumzi
na lehemu inatoa ule moshi wake wa karaha.

Kisha nikafunga duka mapema,
nikaenda stesheni na simu kwenye mfuko wa shati
kama mtu anayekwenda kuiba.
Dizeli ilikuwa imesimama, inawaka bila kwenda,
du-du-du-du,
ule mdundo unaopitia nyayo kabla ya masikio.
Dereva akaachia breki: pssshhh.
Na papo hapo, mgongoni kwangu, mama mmoja:
"Mia tano! Ndizi mia tano!"

Nimejaribu kumtoa. Usiku mbili kwenye kompyuta.
Sauti yake imeshikana na upepo wa breki kama ugali na sufuria;
ukimbandua, breki inakatika, inabaki kikohozi.
"Mwache," Aikaruwa akasema, hata hakugeuka.
"Stesheni bila muuzaji si stoo hiyo?"

Nikamwacha.

Leo inapanda Kahe na mabehewa matatu.
Haitelezi. Honi ni yetu, ile nzito, yenye mafua kidogo.
Inaingia Moshi, inapunguza, inasimama
mbele ya jengo la boksi la viatu.
Ukibonyeza namba nne inashusha pumzi,
na kutoka ndani ya tangi la mafuta,
chini ya risasi za matairi ya watu,
mwanamke mdogo kuliko punje ya ulezi
anataja bei.

Ndekusara alicheka mpaka akatafuta kiti.
Halafu akainama, sikio karibu liguse reli,
mikono bado ina unga,
akamjibu: "Mia tatu."

Nikabonyeza tena.
Hakupunguza.