Namba 1007

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na mali yenye daftari, lakini mwenyewe kafutwa?

Liepāja, Februari. Seva ya shule ya muziki
inakoroma chini ya ngazi, palipokuwa na tanuri.
Dzintra anaiomba orodha.
Kila mstari una mmiliki, una kikundi, una wale wengine;
lakini hapa, penye jina, pamekaa 1007.
Faili elfu arobaini na moja,
mitihani ya selo ya watoto ambao sasa wana mvi,
na mwenye mali ni namba.

Ilgvars alistaafu Oktoba, akafa Desemba.
Raitis, kwa usafi wake, akaifuta akaunti.
Mashine haikulia. Ilisahau jina,
ikashika tarakimu.
Walimu walipolalamika, Raitis akawatupia
saba, saba, saba:
soma, andika, tekeleza, yeyote, chochote.
Ikawa kama uwanja wa Sabasaba siku ya kilele,
geti halina bawabu.

Usiku wa kwanza Dzintra akaandika skripti ya mistari minne.
Sita, nne, sifuri, kwa vyote vilivyomo.
Sekunde tisa. Akapiga mwayo, akaenda kulala.

Asubuhi, simu. Mwalimu Biruta
anayaona majina ndani ya folda, haingii.
Ah, Dzintra!
Faili ni karatasi, folda ni kizingiti.
Ukimnyima mtu ruhusa ya kupita
umempa nyumba, ukamwacha barazani
achungulie dirishani.

Usiku wa pili, mistari kumi na tisa.
Faili huku, folda kule.
Kwanza skripti iseme tu ingefanya nini,
mikono nyuma, isiguse kitu.
Akaisoma orodha hadi chai ikaganda utando,
akaikuta folda yenye nafasi katikati ya jina
ambayo ingekatwa vipande viwili kama samaki.
Akaifunga kwa alama za nukuu.
Kisha, polepole, akabonyeza.

1007 ikawa walimu. 1007 ikawa walimu.
Mstari kwa mstari, marehemu akigawa urithi
bila wakili, bila ugomvi wa ndugu.

Moja tu aliifungua kabla ya kuigawa:
dakika kumi na moja za noti moja ya piano,
Ilgvars akikaza waya, akigonga, akikaza,
akikohoa, akigonga tena.
Dzintra akarudi kwenye skripti,
akaongeza mstari wa ishirini:
hii iruke.

Machi wakamwajiri Madara, miaka ishirini na mbili.
Seva, isiyojua matanga,
ikampa namba iliyofuata kwenye foleni.
Kesho yake akaja na uso wa mtu aliyeokota pochi:
"Kuna faili ya sauti. Inasema ni yangu."

Dzintra aliangalia tarakimu nne.
Angeweza kusahihisha; ni amri moja.
"Basi isikilize," akasema.
"Kwa spika nzuri. Na usiikate katikati."