Barua Zinahamia Kurasini

Mama Siwatu alisema mara moja tu, mwezi wa nne,
bili ya dola ameibana chini ya kikokotoo:
"Miaka kumi na moja barua zetu zinalala kwa watu.
Tunalipia kitanda ambacho hatujawahi kukiona."

Nikaenda Kariakoo, nikanunua seva kuukuu,
ubavuni bado ina stika ya benki iliyoichoka.
Nikaiweka chini ya ngazi, palipokuwa stoo ya mafaili,
juu ya matofali mawili,
maana masika ya Kurasini hayabishi hodi.
Betri kubwa pembeni. Feni ya mezani inaitazama.
Kwenye kipande cha boksi nikaandika kwa wino mnene:
USICHOMOE. HATA KWA KUPIGA PASI.

Nilidhani kuhama ni kubeba.
Kumbe mgeni mtaani haulizwi amebeba nini.
Huulizwa katoka wapi, nani anamjua,
na barua ya mjumbe iko wapi.

Barua yangu ya majaribio
niliituma kwangu mwenyewe, sanduku la ng'ambo.
Ikatupwa kwenye taka,
ikakaa na wajane wa majenerali
wanaotafuta mtu mwaminifu wa kugawana naye urithi.

Nikampigia Baltazari wa kampuni ya mtandao,
nikamsihi atuandikie kinyumenyume,
kwamba namba hii ni ya jina hili, na anaijua.
"Kesho," akasema.
Kesho ile ikazaa kesho nyingine tatu.
Nami nikazitia barua zote saini ya siri,
nikabandika hadharani ni nani tu
mwenye ruhusa ya kusema kwa jina letu.
Hata chuma hudhaminiwa.

Jumamosi, saa sita usiku, nikabadili mstari mmoja.
Mmoja tu. Barua za jina hili zije huku.
Halafu ikabaki kungoja dunia isahau.

Dunia haisahau kwa pamoja.
Kuna seva huko bado zinashika njia ya zamani,
kama miguu ya mtu aliyehama juzi,
jioni ikamfikisha kwenye mlango ambao si wake tena.
Kwa hiyo nyumba ile sikuifunga.
Nikaiachia taa siku tano.

Huku navuta masanduku, moja baada ya jingine.
Mapokezi. Forodha. Uhasibu.
La Mama mwenyewe, zito kama friji lenye samaki.
Kisha likatokea lililoandikwa: ngwali.

Karani Ngwali, tuliyemzika miaka mitano iliyopita.
Barua elfu mbili mia moja na nne hazijafunguliwa.
Watu wanamuuliza kontena limefika wapi.
Mtu anamuuzia viatu.
Na kila tarehe tisa Agosti kampuni ya bima
inamtakia heri ya kuzaliwa, na maisha marefu.

Mkono ukasita. Diski ilikuwa na nafasi finyu.
Saa nane usiku nikampigia Mama Siwatu,
naye hakuwa amelala.
Akanyamaza muda,
nikasikia kwake lori likirudi nyuma, likilia pi, pi, pi.
"Mhamishe," akasema.
"Utamwachaje kwa watu, peke yake?"

Ilichukua dakika arobaini.
Mstari wa kijani ulitambaa kama konokono wa ukutani,
nikafuta mafaili yangu ya mpira ili aenee.

Karibu na adhana umeme ukakatika.
Betri ikalia mara moja, mtoto aliyeota,
ikarudi kunyamaza; taa ndogo haikuzimika.
Hapo ndipo ilipoingia barua ya kwanza ya kweli.

Haikuwa pongezi.
Mtu wa Tunduma anauliza bei
ya kutoa trekta moja bandarini, jembe lake likiwemo.
Jina letu amelikosea.
Anwani ameipata.