Gumba Lisilosomeka

Binti wa laini za simu alilifuta gumba langu kwa upindo wa kitenge chake,
akalirudisha kwenye kimashine.
"Mama, haisomi."
Tukajaribu la kushoto. Haisomi.
Nikamweleza: miaka kumi na mmoja
nimebangua korosho kwa ujira wa kilo,
majivu viganjani badala ya glavu,
na mafuta ya ganda lile hayaliwi,
yenyewe ndiyo yanayokula.
Akacheka kidogo, kisha akaonea haya kicheko chake.

Nikatoka bila laini.
Ng'ambo ya barabara, kwa Nandonde fundi baiskeli,
kitu kilikuwa kinadondoka, kinadondoka,
kama matone ya kwanza kwenye sufuria tupu,
na sisi wa Newala tunaijua sauti hiyo,
tunaikimbilia na ndoo.

Haikuwa mvua. Ilikuwa malimba:
kibao cha mtondoo, spoku saba zilizopondwa bapa kwa nyundo,
na Nandonde anangoja gundi ya kiraka ikauke.
"Nifundishe."
"Una kucha?"
"Sina."
"Malimba inataka kucha."
"Leo itapata nyama."

La kushoto linauliza, la kulia linajibu,
ndivyo alivyosema. La kwangu la kulia
lilikuwa linajibu swali la jana.
Nilipiga nikiota moto, nikipiga tena nikingoja maji ya bomba
ambayo hayakuja.
Wiki ya tano sauti mbili zikakutana,
nikainua uso nisifiwe.
"Nishikie hii ringi," akasema Nandonde.

Mwalimu Chibago, Mgogo, wa hesabu,
akasikia habari zangu akaja na ilimba yake:
sanduku zima, ndimi za chuma zimebanana
kama wanafunzi wa darasa lake.
Kwenye tundu amebandika utando wa buibui,
sauti ipate kukereketa kidogo.
Utando ukichanika anakwenda chooni kwa adabu
kumwomba buibui mwingine.
Nilipiga humo wimbo wetu wa unyago,
nao ukatoka una lafudhi ya Dodoma.
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha shemeji, muuza samaki wakavu,
akavuka Ruvuma na ya kutoka Msumbiji,
visoda vinne vinacheza mbele yake.
Kule ndimi nene zimekaa katikati, nyembamba pembeni,
au basi ndivyo alivyopenda aliyeichonga hiyo.
Vidole vyangu viliingia kama mgeni usiku
katika nyumba iliyohamishwa milango.
Viligonga kila kona.
Sikuvikemea. Nikaviacha vipapase.

Nta ya nyuki chini ya ulimi wa chuma:
sauti inashuka kama mtu aliyevua viatu.
Ulimi ukisukumwa ndani kidogo, inapanda,
nusu ya punje tu, si zaidi,
na ile punje hakuna anayeweza kukuonyesha.

Watu wananiuliza kama siumii.
Siumii. Wala sihisi chuma.
Ninasikia nilikogusa, ndipo ninajua kwamba nimegusa.
Kati ya kidole na habari zake
pana mwendo mfupi, kama barua ya mtaa wa pili,
na mimi nimejifunza kupiga mapema kidogo
ili barua ifike kwa wakati.

Simu natumia laini ya Mwanahawa, mwanangu.
Akinikuta napiga, haniambii kitu,
anapunguza sauti ya redio, basi.

Jana spoku ya nne ilikatika katikati ya wimbo.
Nandonde akatazama huku na huku,
akang'oa nyingine kwenye gurudumu la mteja,
akaiweka juu ya fuawe.
"Mwenyewe ataanguka," nikamwambia.
"Ataanguka," akasema, "lakini si leo.
Haya, piga."